Vichaka vya Majini Havizai Samaki

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi mjini Lodwar, na wengi wanaoisema wana nia njema. Inasema kwamba Ziwa Turkana lina samaki, ila samaki hao wametawanyika mno, hivyo kinachohitajika ni kuwajengea mahali pa kukusanyika. Kata matawi ya mathenge, yafunge mafungu, yatie mawe, yazamishe karibu na Kalokol, Longech au Eliye Springs. Pesa zikiruhusu, ongeza mabomba ya plastiki, masanduku ya zege, hata matairi yaliyochakaa. Samaki wadogo watajificha humo, mbuta watawafuata wadogo, na mbuta watafuatwa na watalii wa kuvua kwa ndoano, watu walio tayari kulipa dola ili wapigwe picha wakiwa na samaki mkubwa mikononi.

Nimeisikia kwenye mikutano ya utalii, kwa vijana waliotazama video za wavuvi wa Marekani kwenye simu, na kwa wazee waliochoka kuisubiri serikali. Naipinga. Mradi wa aina hii utawagharimu watu wa ziwani kuliko utakavyowapa, na tayari unatufanya tuinamie sakafu ya ziwa wakati jambo linaloamua hatima ya samaki wetu liko kaskazini, kwenye mto Omo.

Hoja yenyewe, bila kuipunguza

Watetezi wake wanasema mambo kadhaa ya kweli, na ni haki yaelezwe kwanza. Samaki wengi hupenda kivuli na maficho. Matawi yaliyozama huota mwani, mwani huliwa na wadudu wadogo, na wadudu hao huliwa na samaki wachanga. Kwenye mabwawa mengi ya Marekani, ambako bonde lilifyekwa miti kabla ya maji kujazwa, idara za wanyamapori huzamisha miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika, na wavuvi wa burudani huelekezwa ilipo. Nchini Benin, wavuvi wa Ziwa Nokoué wamekuwa wakichomeka matawi majini tangu zamani, mfumo unaoitwa akaja, na mavuno yanayotoka ndani ya vichaka hivyo ni makubwa sana kwa kila hekta.

Wanaongeza kwamba mathenge ni mti mgeni uliovamia malisho yetu, kwa hiyo hakuna atakayelia ukikatwa. Wanakumbusha kwamba mbuta wa Turkana wana sifa ya miaka mingi: katika miaka ya 1960 na 1970 wageni walifika Ghuba ya Ferguson kwa ndege ndogo kuwavua, na kulikuwa na hoteli yao kwenye ulimi wa mchanga wa Longech. Na wanamalizia kwa swali ambalo si rahisi kulipuuza: kaunti ambayo ni miongoni mwa maskini kabisa nchini Kenya itakataaje mradi wa bei nafuu unaoweza kuanza mwezi ujao?

Kila kipande cha hoja hii kina ukweli wake kikisimama peke yake. Vikiunganishwa na kuletwa kwenye ziwa hili, havishikani.

Kwanza: kukusanya na kuzalisha ni kazi mbili

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, James Bohnsack, aliuliza swali ambalo watetezi wa vichaka huliruka. Samaki wengi wanaoonekana kwenye miamba ya kutengenezwa, wameongezeka kwa sababu ya miamba hiyo, au wamehamia tu hapo kutoka kwingine? Jibu linategemea kile kinachowazuia samaki wa mahali hapo wasiongezeke. Kama wanakosa maficho na mahali pa kuzalia, jengo laweza kuwaongeza. Kama kinachowapunguza ni nyavu, au uhaba wa chakula, au maji yasiyopanda kwa wakati wake, jengo haliongezi hata mmoja. Litawaweka pamoja tu, ili wavuliwe kwa urahisi zaidi. Mfugaji yeyote wa Turkana anaelewa jambo hili bila kwenda chuoni: ukimwaga chumvi chini ya mti mmoja, mbuzi wa boma zima watakusanyika hapo, na hesabu yao itabaki ile ya jana.

Kwa hiyo tujiulize kinachowazuia samaki wa Turkana. Ziwa lenyewe limekwisha kutujibu, na waziwazi. Mapema miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Turkana nalo lilipanda, na Ghuba ya Ferguson ikawa eneo pana la maji ya kina kifupi, yenye joto na chakula tele. Tilapia huzaa na kulea kwenye maji ya namna hiyo. Mwaka 1976 ziwa lilitoa zaidi ya tani 15,000 za samaki, sehemu kubwa ikiwa ni tilapia wa ghuba hiyo. Hakuna aliyekuwa amezamisha tawi. Kisha maji yakaanza kurudi nyuma, na katika ukame wa miaka ya 1980 ghuba ikakauka hadi watu wakapita kwa miguu pale walipokuwa wakitupa nyavu. Uvuvi wa tilapia ukaporomoka pamoja nayo.

Jeppe Kolding wa Chuo Kikuu cha Bergen, aliyewachunguza tilapia wa ghuba hiyo katika miaka ya kuporomoka kwake, na watafiti wengine waliokuja baadaye, wamelieleza jambo hili vizuri. Uzazi wa samaki wa hapa hufuata kupanda na kushuka kwa maji. Maji yanaporudi nyuma huacha ardhi tupu, nyasi zinaota, mifugo inalisha na kuacha kinyesi. Maji yanapopanda tena juu ya ardhi hiyo, mbolea yote inageuka kuwa mwani, wadudu na chakula cha vifaranga. Ziwa linalotulia mahali pamoja mwaka hadi mwaka lina njaa zaidi kuliko ziwa linalopanda na kushuka, hata kama lina maji mengi.

Hilo ndilo jambo ambalo tawi la mathenge haliwezi kulifanya. Kwenye bwawa la Marekani lenye sakafu iliyofyekwa, na lenye samaki aina ya basi ambaye maisha yake ni kuvizia kwenye maficho, tawi linajaza pengo halisi. Hapa pengo ni jingine.

Akaja ya Benin nayo haisaidii hoja kama inavyodhaniwa. Vichaka vile huachwa kwa miezi, kisha huzungushiwa wavu na samaki wote hutolewa kwa pamoja. Ni njia ya kuvua na kufugia, tena inakula kuni nyingi, kwa kuwa matawi huoza na lazima yarudishiwe. Na sehemu ya samaki wanaotolewa waliingia kutoka maji ya jirani, ambako wavuvi wasio na kichaka walikuwa wakiwategemea.

Pili: ziwa hili halikai mahali pamoja

Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia, hasa kutoka Omo unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote, na hutoka kwa njia moja tu, kupanda hewani kwa jua. Jua hilo huondoa zaidi ya mita mbili za maji kila mwaka. Uwiano ukipotea kidogo, ufuko unahama. Katika karne ya 20 usawa wa ziwa ulipanda na kushuka kwa zaidi ya mita 10. Ufuko wa magharibi, upande wetu, ni tambarare, kwa hiyo mita moja ya maji ni umbali mrefu wa kutembea.

Fungu la matawi lililozamishwa leo kwenye kina cha mita tatu laweza kuwa kwenye kina cha mita sita baada ya mvua kubwa, au likawa lundo la kuni kavu kwenye mchanga baada ya ukame. Anayesema mradi ni wa bei nafuu anahesabu gharama ya siku ya kwanza. Kuuhamisha kila ziwa linapohama hakumo kwenye hesabu yake.

Kalokol wanalijua hili kuliko mahali pengine popote. Kiwanda cha samaki kilichojengwa pale kwa msaada wa Norway kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na gharama inayotajwa mara kwa mara ni dola milioni 22. Majokofu yalifanya kazi kwa siku chache tu. Gharama ya kugandisha samaki katika joto la Turkana ilizidi thamani ya minofu yenyewe, na maji safi ya kuoshea yalikuwa haba. Punde si punde ghuba iliyotarajiwa kukilisha kiwanda ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na msaada ukakoma.

Nje ya Turkana husemwa kwamba kiwanda kilikufa kwa sababu Waturkana ni wafugaji wasiojua samaki. Simulizi hiyo inaniudhi kila niisikiapo. Huko Lothagam, kusini magharibi mwa ziwa, wanaakiolojia wamechimbua ncha za mikuki ya mifupa na mifupa ya samaki ya maelfu ya miaka. Familia za Kiturkana zilizopoteza ng'ombe zilijua kuvua kwa vikapu na mikuki kabla ya mfadhili yeyote kufika, na baada ya njaa ya 1960 na 1961 maelfu waligeukia uvuvi. Watu waliliweza ziwa. Walioshindwa ni wapangaji, waliochora jengo la kudumu kando ya maji yasiyodumu. Wanaotaka leo kupanga majengo ya kudumu ndani ya maji hayo hayo wanalirudia kosa lile lile, wakitumia vifaa vya bei ya chini.

Na kuna upepo. Kila anayelivua ziwa hili anaujua upepo wa kusini mashariki unaoshuka kutoka upande wa Mlima Kulal, na jinsi unavyopindua mashua. Mawimbi hayo hufungua kamba. Mto Omo nao humwaga tope jingi ambalo hutua polepole kwenye sakafu. Anayependekeza matairi atazame Florida, ambako mwaka 1972 watu walianza kuzamisha matairi baharini karibu na Fort Lauderdale, yakafikia takriban milioni mbili, kwa matumaini ya kupata mwamba wa samaki. Vifungo vikaoza, matairi yakatawanyika na kuharibu miamba ya matumbawe iliyokuwa hai. Kuanzia mwaka 2007 wapiga mbizi wa jeshi la Marekani walitumwa kuyatoa, na kazi hiyo ni ngumu mno kwa nchi tajiri kama ile. Sioni ni nani angeyatoa Longech.

Tatu: miti imekwisha kuzama

Kati ya 2019 na 2021 ziwa lilipanda tena kwa nguvu. Ripoti ya serikali ya Kenya na UNDP ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilionyesha kwamba Turkana lilikuwa limetanuka kwa mamia ya kilomita za mraba katika muda wa mwongo mmoja. Nyumba ziliingiwa na maji, barabara zikakatika, familia zikahama. Mikoma ya Eliye Springs, ambayo vizazi vimekula matunda yake na kukalia kivuli chake, ilisimama ndani ya maji na mingi ikafa. Vichaka vizima vya mathenge na migunga vikafunikwa.

Yaani matawi ambayo mradi unataka kuyazamisha kwa mamia, ziwa limejizamishia lenyewe bila mkandarasi. Anayeamini kwamba samaki wa Turkana wanakosa vichaka vya kujificha anapaswa kueleza ni vichaka vingapi zaidi anavyovitaka.

Nne: mahali pakikusanya samaki, panapata mwenyewe

Hapa ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi, na ndipo watetezi wanaponyamaza kabisa.

Leo samaki wa Turkana ni wa yeyote aliye na wavu, mshipi au chelezo cha magogo ya mkoma. Kuna Vikundi vya Usimamizi wa Fuo, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, na kuna Sheria ya Uvuvi ya 2016, lakini maji yenyewe hayana kuta. Ukishajenga mahali pa kukusanyia samaki kwa fedha za mradi, swali la kwanza litakuwa ni nani anaruhusiwa kuvua pale. Ikiwa ni kila mtu, nyavu zitajaa siku ya pili, na mtalii hataona mbuta wa kumpiga picha. Ikiwa ni watalii peke yao, mtu wa Longech atafukuzwa kwenye maji ambayo baba yake alivua, ili samaki wahifadhiwe kwa mgeni atakayewashika na kuwaachia. Sijasikia jibu la tatu. Mradi unawaahidi watu wa hapa faida, na hauwezi kufanya kazi mpaka uwazuie wasivue.

Benin wamepitia njia hii. Akaja zilizua ugomvi kati ya wenye matawi na wasio nayo, hadi serikali ikalazimika kuingilia kwa kanuni na marufuku. Na hapo walikuwa wakigombana majirani wa nchi moja. Sisi tuna ziwa lenye mpaka. Februari 2025 wavuvi wa Kiturkana waliuawa na wengine wakapotea karibu na Todonyang, katika mgogoro wa muda mrefu na Wadaasanach wa upande wa Ethiopia. Watu wanaolipia samaki kwa damu hawahitaji sababu mpya ya kugombea sehemu moja ya maji.

Zana nazo zitaumia. Wavuvi wengi hutumia nyavu za kutega au kokoro za kuvuta ufukoni. Wavu ukinasa kwenye matawi yaliyozama unachanika, au unabaki huko chini ukiendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Bei ya wavu mpya ni mzigo mzito kwa familia ya mvuvi, na ramani ya mahali vichaka vilipo itakuwa kwenye ofisi fulani Lodwar, si mkononi mwa kijana anayetupa wavu saa kumi usiku.

Kisha kuna mamba. Ziwa hili ni miongoni mwa makao makubwa ya mamba wa Nile duniani. Kisiwa cha Kati, kinachoonekana kutoka Kalokol, ni mahali pao pa kuzalia, na mtafiti Alistair Graham aliyewahesabu katikati ya miaka ya 1960 alikadiria kuwa wako zaidi ya 10,000. Mamba hufuata samaki. Watu wanaoingia maji ya kifuani kuvuta kokoro, na wanawake na watoto wanaochota maji ufukoni, ndio watakaokutana naye. Mtalii atakuwa ndani ya boti.

Tano: kuni hizo, na tumbo hilo

Husemwa kwamba matawi ni ya bure. Mtu aliyewahi kuishi Kakuma hawezi kusema hivyo. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, Kalobeyei ikafuata mwaka 2016, na kwa pamoja zina watu karibu laki tatu wanaopika kila siku kwenye nchi kame. Kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji kwa miaka yote hiyo. Wanawake wamepigwa na kubakwa wakizitafuta. Mathenge, pamoja na ubaya wake wote, leo inachomwa makaa, inajenga maboma, na maganda yake huliwa na mbuzi. Ni kweli imetuletea hasara. Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyeng'olewa meno na maganda yake. Lakini kuni zinazotafutwa na watu laki tatu haziwezi kuitwa takataka kwa sababu tu mtalii anazihitaji chini ya maji. Tena mbegu za mathenge husafiri na maji. Kuyabeba matawi yake hadi ufukoni ni kuupandikiza mti huo pale ambapo bado haujafika.

Na samaki wenyewe wanakwenda wapi? Wanapasuliwa, wanatiwa chumvi au kukaushwa juani, wanapandishwa lori. Wengi hupitia Lodwar kwenda hadi Busia na Kongo. Wengine huishia kwenye masoko ya Kakuma, ambako Wakongo, Warundi na watu wa Sudan Kusini hununua samaki mkavu kwa sababu ndiye kitoweo wanachokijua na wanachoweza kukimudu. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 wakimbizi waliandamana kwa njaa. Katika hali hiyo tunaambiwa matumizi bora ya samaki wa Turkana ni kumvuta kwa ndoano, kumpiga picha na kumrudisha majini.

Sita: huyo mtalii wa ndoano

Simchukii. Mtu anayesafiri kutoka mbali hadi Kalokol ili aone mbuta anafanya jambo zuri, na apokewe vizuri. Ila tusiseme havui chochote kwa kuwa anawaachia samaki. Anachokitafuta ni mbuta mkubwa kabisa, na mbuta mkubwa kabisa karibu kila mara ni jike mkongwe anayebeba mayai mengi kuliko majike kumi wadogo. Mbuta akivutwa haraka kutoka maji ya kina, kibofu chake cha hewa hutanuka kabla hajaweza kukipunguza. Wengi wanaorudishwa majini wakiwa hivyo hufa baadaye, mbali na kamera.

Historia ya maji yetu imejaa maamuzi yaliyofanywa kwa kumfikiria mvuvi wa burudani. Mwaka 1929 basi wa Marekani alitiwa Naivasha kwa ajili ya michezo ya walowezi. Katika miaka ya 1950 mbuta waliingizwa Ziwa Viktoria, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba ni samaki mzuri wa kuvuliwa kwa mchezo. Wa kwanza walitoka Ziwa Albert, na baadaye wakaongezwa wengine kutoka Turkana. Mamia ya aina za furu zilitoweka au karibu kutoweka. Mbuta wa Turkana ni wenyeji hapa na hawana kosa hilo, lakini tabia ya kupanga ziwa kwa macho ya mtu mwenye mshipi mmoja ni ile ile, na wanaokula samaki kila siku huwa hawaulizwi.

Na hoteli ya Longech? Haikufa kwa kukosa matawi majini. Ilikuwa na mbuta wakubwa, na sifa, na wageni. Ghuba iliyokuwa mbele yake ilikauka, kisha miaka mingi baadaye ikarudi na kufurika. Mwekezaji yeyote anayetaka kuifufua biashara hiyo anahitaji kujua maji yatakuwa wapi, na hilo halijulikani kwa kutazama sakafu ya ghuba.

Linalobaki ni Omo

Januari 2015 Ethiopia ilianza kujaza bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243, na Desemba 2016 likazinduliwa. Chini yake kuna mashamba makubwa ya miwa yanayonyweshwa kwa maji hayo hayo, na bwawa jingine, Koysha, linajengwa. Ikal Angelei na shirika lake la Friends of Lake Turkana walipaza sauti mapema, naye akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2012. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Najua jibu ninalopewa kila nikitaja Gibe: ziwa si limepanda? Limepanda, kwa mvua za ajabu za 2019 na 2020. Bwawa haliondoi maji yote. Linaondoa mpigo wake. Mto uliokuwa ukivimba katikati ya mwaka na kupungua baadaye sasa unateremka kwa kipimo cha mitambo ya umeme, karibu sawa mwaka mzima. Samaki waliokuwa wakipanda Omo kuzaa wakati wa mafuriko wanangoja ishara isiyokuja kwa nguvu ile ya zamani. Ufuko uliokuwa ukifunuliwa na kufunikwa kila mwaka unapoteza zamu yake. Lodwar haina haja ya kwenda Ethiopia kulielewa hilo: mto Turkwel unaopita mjini uliwekewa bwawa lake mwaka 1991, na wazee wa kando ya mto wanaweza kueleza msitu wa ukingoni ulivyokuwa mafuriko yalipokuwa yakija kwa wakati.

Katika mipango yake ya mazingira, mradi wa Gibe III uliahidi mafuriko ya makusudi ya siku 10 kila mwaka kwa ajili ya watu wa chini ya mto. Ahadi hiyo ndiyo inayostahili nguvu za watu wote wanaoandika maandiko ya miradi ya vichaka. Kenya si mtazamaji tu hapa. Mwaka 2022 ilitia saini mkataba wa miaka 25 wa kununua umeme wa Ethiopia, na tangu Novemba mwaka huo umeme huo unakuja kwa waya wa nguvu kutoka Sodo hadi Suswa. Gibe III ni miongoni mwa mabwawa makubwa yanayouzalisha. Mnunuzi ana haki ya kuweka masharti, na sharti la siku 10 za maji ya kutosha, mwezi unaokubaliwa, likipimwa kwenye mlango wa Omo na matokeo yake yakitangazwa Lodwar, halihitaji teknolojia mpya.

Kwa upande wa ufukoni, fedha za kaunti zina kazi za kutosha: barafu Kalokol na Lowarengak, vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa kutoka kwenye mchanga, barabara ya lori isiyokatika, doria ya kulinda wavuvi upande wa Todonyang, na mtu wa kupima usawa wa maji na mavuno kila wiki na kuzisoma takwimu hizo mbele ya wavuvi wenyewe. Anayetaka kumleta mtalii wa ndoano amlete baada ya hayo, akae na watu wa ufuko, akubaliane nao ada na maeneo, na avue pale mbuta walipo.

Mkataba wa umeme una miaka 25, na kila mwaka una msimu mmoja wa mafuriko ya Omo. Misimu kadhaa imekwisha kupita. Wabunge wa Turkana, gavana na wizara ya nishati waulizwe hadharani, kabla ya mvua zijazo za nyanda za juu za Ethiopia, ni maji kiasi gani yatateremshwa, lini, na ni nani wa upande wa Kenya atakayekuwa pale kuyapima.